Chiriku Ndani ya Kaseti

Watu wakistaafu hufuga kuku. Kaka yangu alinunua sampla.

Sampla ni kisanduku cha ukubwa wa sinia dogo. Ukikipigia kelele yoyote kinaimeza, halafu kinakurudishia kupitia vitufe vyake, juu, chini, haraka, polepole, upendavyo. Cha kwake kilikuwa cha zamani, kitufe kimoja kimeshikwa na gundi, na alipokileta nyumbani amekifunga kwenye shuka wifi yangu alidhani ameleta mtoto wa mbwa. Akakusanya na kompyuta iliyotumika, visanduku vitatu vya kutia mwangwi na redio kaseti yenye mpini uliovunjika. Vyote akaviingiza kwenye stoo iliyo nyuma ya jiko, akasimamisha godoro kuukuu ukutani ili sauti isitoke, akafunga mlango. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Tangu hapo mtaani anaitwa Mzee Mvumo, maana godoro halikusaidia kitu, na ukipita nyuma ya nyumba mchana utasikia kitu kinavuma mfululizo bila kupumzika. Kuna mtu aliwahi kubisha hodi na debe la mahindi akidhani humo mna mashine ya kusaga.

Ni kaka yangu mkubwa, na mimi fundi cherehani ndiye ndugu pekee aliyebaki naye, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Alikuwa fundi wa sauti redioni miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo haina shukrani. Mtangazaji akisikika vizuri anasifiwa mtangazaji. Akisikika vibaya analaumiwa fundi. Lakini alipokuwa kijana redio ililetewa kinanda cha umeme kilichojaa vifundo vya kuzungusha, hakuna aliyejua kukitumia, na kaka akakaa nacho wiki baada ya wiki, hata chakula anasahau, mpaka akatengeneza muziki. Kama ni muziki. Haukuwa na ngoma wala mwimbaji. Zilikuwa sauti ndefu zinazokuja na kuondoka taratibu, zinapishana kama pumzi za watu waliolala chumba kimoja. Ulipigwa kila jioni, dakika nne kabla ya taarifa ya habari, kwa miaka kumi na mmoja, na watu wa rika langu wanaukumbuka hata leo.

Ulikuwa na tabaka nne. Nimezikariri kwa kulazimishwa. Chini kabisa kulikuwa na mvumo wa kinanda. Juu yake kengele, ambazo hazikuwa kengele, ni bilauri iliyogongwa kwa kijiko halafu utepe ukazungushwa kwa nusu ya kasi. Kisha upepo, ambao ni ule mchakacho wa redio isiyokamata kituo, umechujwa ukalainika. Na juu ya vyote ilikuwepo sauti ya mtoto akisema "aa". Iliingizwa kwenye utepe, utepe ukakatwa, ukaungwa ncha kwa ncha ili uzunguke bila kukoma, ukapunguzwa kasi, ukapitishwa kwenye mashine ya mwangwi, mpaka ile "aa" moja ikawa kama wanawake wengi wameketi kwenye jumba kubwa lililo mbali. Mtoto huyo alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka sita. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

Miezi mitatu baada ya hapo Chiriku alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipohifadhiwa. Hatukuwa watu wa kurekodi watoto, nani alijua? Utepe wenyewe ulitupwa redio ilipohamia kwenye kompyuta, kaka akiwa likizo. Magunia kwa magunia ya tepe yalipakiwa kwenye lori pamoja na viti vibovu. Kilichobaki ni kaseti moja aliyojirekodia nyumbani kutoka redioni, tabaka zote nne zimelala pamoja, na mwishoni mtangazaji anakohoa.

Sasa sikiliza wazo lake. Alinieleza kwa kunisimamisha upande mmoja wa mlango wa stoo, yeye upande wa pili. Akaniambia nisukume, naye akasukuma. Mlango haukwenda popote. Akasema sauti nazo ziko hivyo: ukipata mbili zinazofanana kabisa, ukaigeuza moja juu chini, ukazipiga pamoja, zinasukumana na kinachobaki ni kimya. Kwa hiyo akiweza kuutengeneza upya ule mvumo vilevile ulivyokuwa, na zile kengele, na ule upepo, akavigeuza na kuvipiga pamoja na kaseti, vitamezana kimoja baada ya kingine mpaka abaki Chiriku peke yake. Atamwondolea mwangwi, atamrudishia kasi yake, na mtoto atasema "aa". Hakutaka kingine. Sekunde mbili tu za mwanawe.

Na alikuwa na haraka. Mwaka uleule aliostaafu, daktari wa masikio alimwambia kwamba miaka yote ile ya hedifoni imemla, sauti ndogo zimeshaanza kumpotea, na nyingine zitafuata, haijulikani lini. Hakumwambia mtu ila mimi. Wifi aligundua mwenyewe, kwa jinsi alivyoanza kujibiwa maswali ambayo hakuuliza.

Kazi ile ilikuwa ya kichaa. Kinanda chenyewe kilishakuwa chuma chakavu, kwa hiyo mvumo wake ilibidi autafute kwenye vitu vingine. Alikilisha kisanduku chake mota ya cherehani yangu, feni ya msikitini, filimbi ya mlinzi iliyoshushwa mpaka ikawa kama ng'ombe, na waya wa umeme unaolia nguzoni mvua ikinyesha. Miezi minane kwa mvumo peke yake. Friji alikuwa anaizima kwa sababu mlio wake ulikuwa unamwingilia, na anasahau kuiwasha. Siku moja wifi alimwekea mezani maziwa yaliyoganda. Kaka akayanywa mpaka mwisho akashukuru. Bilauri za nyumba nzima alizigonga zikavunjika, wageni wakawa wanapewa maji kwenye vikombe vya plastiki, na ile aliyokuwa akiitafuta aliipata kwenye matanga ya jirani: watu wameinamisha vichwa wanaomba, kaka anagonga bilauri kwa kijiko, anaisogeza sikioni, anagonga tena. Nilitamani ardhi inimeze. Mfiwa mwenyewe ndiye aliyempa aende nayo.

Lakini kilichomtesa kuliko vyote ni kuchechemea. Mashine ya utepe kule redioni ilikuwa na gurudumu la mpira lenye kovu, kwa hiyo kila baada ya sekunde mbili sauti ilikuwa inainama kidogo na kuinuka. Kaseti nzima inachechemea. Sampla haichechemei, inakwenda wima kama askari, na ukizipiga pamoja hazimezani, zinagombana. Ikabidi kaka ajifunze kuchechemea kwa mkono. Aliweka kidole gumba kwenye kifundo cha kasi akawa anakisukuma na kukiachia, dakika nne nzima, na akikosea sehemu moja anaanza upya. Ilimchukua miaka miwili. Nilikuwa naketi naye kula naona kidole gumba kinacheza peke yake kwenye kitambaa cha meza, wifi anakitazama, kisha ananitazama mimi.

Mwaka wa nne alikuja mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, dada mpole, alisikia mvumo akiwa anapita. Kaka alimpigia tabaka tatu alizokuwa amezimaliza. Yule dada alifumba macho mpaka machozi yakamtoka. Alisema ni uleule kabisa wa utotoni mwake, na akamwomba sana amruhusu awape watu wausikilize. Kaka akamjibu kwa adabu kwamba hautengenezi ili usikike, anautengeneza ili ufutike. Mwalimu aliondoka hajaelewa, na mwavuli akausahau.

Wifi hakuwahi kutia mguu stoo. Nilipomuuliza kwa nini, aliendelea kuchambua mchele. "Mwanangu nimeshamzika," alisema. "Huyo wa humo ndani ni wa kaka yako."

Sasa niseme langu, maana ndilo lililonifanya nianze kusimulia. Sauti iliyo kwenye kaseti si ya Chiriku. Ni yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilimpeleka Chiriku redioni kwa sababu kaka alituomba, kisha kaka mwenyewe akaitwa na mkuu wake, akatuacha na fundi mwenzake aliyekuwa karibu kumaliza zamu. Mtoto alitakiwa kusimama mbele ya maikrofoni aseme "aa" bila kutikisika. Alicheka. Alikohoa. Aliuliza kitufe hiki cha nini, na hiki, na kwa nini mjomba huyu ana nywele masikioni. Alisema "aa" fupi, "aa" ya mbuzi, "aa" ya daktari wa meno. Ilipita karibu saa nzima, yule fundi ameshavaa koti, na mimi hasira zikanipanda. Nilimwambia Chiriku hebu toka nje ukacheze. Akatoka mbio, amefurahi. Nikasogea kwenye maikrofoni, nikabana koo, nikatoa "aa" nyembamba kama ya mtoto. Fundi akakata utepe. Kaka aliporudi akauliza kama tayari, fundi akasema tayari, akaenda zake nyumbani. Mimi nilicheka. Kwangu ulikuwa utani, nilikuwa nimepanga kumwambia jioni wakati wa kula ili tumcheke wote.

Jioni kaka alikuja amewaka uso. Alisema sauti ya mwanawe ina kitu ambacho kinanda hakina, na alilisema mara tatu. Nikaona nimwachie wiki moja. Wiki ikawa mwezi, na mwezi wa tatu tukazika. Makaburini kaka alinishika mkono akaniambia angalau sauti yake ipo. Niambie wewe ungesema nini hapo.

Kwa miaka kumi na mmoja niliisikia sauti yangu redioni kila jioni kabla ya habari. Nilikuwa natoka nje kwenda kuanua nguo ambazo hazipo. Ulipoacha kupigwa nilipumua, nikajua yamekwisha, yatazikwa pamoja nami. Halafu kaka akanunua sampla.

Nilijaribu kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa na homa, nikamhurumia. Mara ya pili nilikwenda nimeshakariri maneno, nikamkuta amenyoa ndevu na anapiga mluzi, kengele zimefutika siku hiyo, na alinikumbatia, kaka yangu ambaye hata siku ya harusi yangu alinipa mkono tu. Nikampongeza, nikarudi nyumbani. Na mara ya tatu yeye ndiye aliyeniuliza, akasema mimi ndiye niliyekuwepo, nimweleze Chiriku alisimama vipi siku ile. Ndipo nikafanya dhambi iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Nilimwambia alisimama juu ya kreti ya soda kwa sababu maikrofoni ilikuwa juu. Mikono nyuma. Amefumba macho. Kaka alisikiliza mdomo wazi, akaniomba nirudie, nikarudia, nikaongeza na utepe wa nywele. Kwa miaka sita mtu mzima alikuwa anamtafuta mtoto niliyemshona mwenyewe kwa vipande.

Jumamosi moja mchana akanipigia simu niende. Nilimkuta amevaa shati nililomshonea, ameweka viti viwili. Cha ajabu wifi naye alikuja. Hakuketi. Alisimama mlangoni, mikono ina maji ya vyombo.

Kaka alianza na muziki wote, kama ulivyokuwa. Kisha akausogeza upepo, ukatoka. Kengele zikatoka. Kidole gumba kikawa kinachechemea juu ya kifundo, hakitazami hata, na mvumo ukatoka, na stoo ikawa kubwa ghafla. Wakabaki wale wanawake wa kwenye jumba. Akaanza kuwapunguzia mwangwi wakawa wanaondoka mmoja mmoja, na mimi nikawa nasali uzimike umeme, kompyuta iungue, lolote. Akapandisha kasi.

"Aa."

Ilikuwa imetoboka kama nguo iliyoliwa na nondo, lakini ilikuwa mtu. Aliiacha izunguke. Alifumba macho na uso wake ukalegea wote, uso ambao sikuwa nimeuona tangu tukiwa vijana. Nataka mjue kwamba alimpata. Kwa muda wa nusu dakika hivi kaka yangu alikuwa na mwanawe.

"Wifi," akasema wifi yangu kutoka mlangoni, taratibu kabisa, "hiyo ni sauti yako."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Alijifuta mikono kwenye gauni, akarudi jikoni. Kaka alizima mashine.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, kaka."

Nilisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka thelathini na minne, kupigwa, kufukuzwa, kulaaniwa, yote nilikuwa nimeyapangia jibu. Kaka alitazama mikono yake.

"Yeye alikuwa wapi?"

Nikamwambia. Nje, kwenye ua, nilimtoa mwenyewe. Hakukuwa na kreti, hakukuwa na utepe wa nywele. Alikuwa anarukaruka chini ya dirisha.

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Wazi. Kulikuwa na joto, na feni tuliizima kwa ajili ya maikrofoni."

"Alikuwa kimya?"

"Kaka. Alinyamaza lini, mtoto yule?"

Aligeuka akanipa mgongo. Nilidhani analia, nikainuka nimshike bega, kumbe anachomoa waya na kuchomeka nyingine. Alivuta maikrofoni akaisimamisha mbele ya kiti changu, akaipandisha mpaka usawa wa mdomo wangu.

"Basi yumo," alisema. "Yuko nyuma yako. Kaa hapo, toa hiyo 'aa' kama uliyoitoa siku ile. Nikikupata sawasawa nitakuondoa."

Nilimwambia kaka, sekunde mbili, mtoto yuko nje, utepe umeshachakaa, kaseti imerekodiwa kutoka redioni. Niliyasema yote ambayo yeye anayajua kuliko mimi. Alisubiri nimalize. Kisha akaniashiria nianze. Nina miaka hamsini na mitatu, koo langu ni la mama anayegombana na wateja. Nikajibana, ikatoka ya kuku. Akasema nyembamba zaidi. Nikarudia.

Huu ni mwezi wa tisa. Kila Jumamosi naacha cherehani nakwenda. Wifi hunifungulia mlango na hunipa maji ya kunywa, lakini tangu siku ile hajasema nami neno. Nimejifunza kukohoa kabla ya kuimba, nimejifunza kuchechemea kwa koo, inama, inuka, na zipo siku nafanana na yule msichana mjinga kiasi kwamba tukigeuzwa na kupigwa pamoja tunakaribia kufutika wote wawili. Sikio la kushoto la kaka limeshafunga kabisa. La kulia linasikia lori na radi. Sauti ndogo hazipati tena, kwa hiyo yeye anazungusha vifundo na mimi ndiye ninayevaa hedifoni, na kila tukimaliza ananitazama mdomo, asije akakosa jibu.

"Umemsikia?"

Naweza kusema ndiyo. Angelia, tungetoka stoo, wifi angempata tena mumewe, na kusema uongo si kazi mpya kwangu. Nafumba macho nasikiliza mpaka kichwa kinauma. Nasikia mchakacho wa kaseti, nasikia pumzi zangu za miaka kumi na tisa, na huko nyuma, mahali penye ua na jua na mtoto niliyemfukuza, sisikii kitu.

"Bado, kaka," namwambia, na yeye anainuka ananisogezea maikrofoni.